Kirikuu Nyeupe ya Marehemu Ndekirwa

Hili nitakalokueleza halikumpata jirani yangu wala binamu wa jirani. Lilinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, katikati ya mji wa Arusha, watu wakipita na mikoba yao. Nasema hivyo kwa sababu najua unavyofikiri. Unafikiri mambo haya ni ya usiku wa manane, ya walevi na wenye homa. Mimi sinywi pombe, na siku ile sikuwa hata na mafua. Sikulazimishi uniamini. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Kazi yangu ni kusafisha vioo. Siku hizi kila anayejenga ghorofa hapa mjini anataka lote liwe vioo, na vumbi la huku unalijua: leo umefuta, keshokutwa mtu haoni nje. Nilianza peke yangu na ndoo moja. Baadaye nikamwita mdogo wangu Zakaria, baba wa watoto wawili, mtu asiyeogopa kwenda juu. Ngazi tulizibeba kwa kukodi toyo, zile pikipiki za magurudumu matatu, na toyo ikichelewa, kazi ya pili tunaikosa. Kwa hiyo tuliposikia kuna mtu Sombetini anauza kirikuu nyeupe ya boksi, kile kigari kidogo cha mzigo chenye mlango wa kuburuza ubavuni, tulikwenda siku hiyohiyo.

Muuzaji aliitwa Anaeli. Alitupokea kama askari waliokuja kumkamata. Hakutupa kiti, hakutupa hata maji.

"Gari lile pale," akasema. "Ni la marehemu kaka yangu, Ndekirwa. Familia imekubali liuzwe. Mnalitaka au hamlitaki?"

Lilikuwa limeegeshwa mwisho wa uwanja, mbali na nyumba, vioo vimejaa vumbi. Nilipolikaribia nikaona mtu amekaa kwenye kiti cha dereva. Mwembamba, wa makamo, ana sweta ya kijani na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Nikadhani ni fundi. Nikamsalimia, "Habari za kazi, kaka." Hakuitika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemfuma anakata mkungu wa ndizi shambani kwako.

"Unamsalimia nani?" Anaeli akauliza nyuma yangu.

Niligeuka kumjibu, na nilipotazama tena kiti kilikuwa kitupu. Nikajiambia ameteremkia mlango wa upande wa pili. Wewe ungejiambia nini? Anaeli akapunguza bei bila sisi kumwomba. Zakaria akanikanyaga mguu nisiseme neno. Tukalichukua. Geti lilifungwa kabla hatujafika barabarani.

Kwa kutembea, gari halikuwa na tatizo. Mambo yake yalianza likishaegeshwa. Asubuhi nikifungua mlango, nakuta kiti cha dereva kina joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Na vioo vilinishinda, mimi ninayeishi kwa kung'arisha vioo. Baridi ya asubuhi ikivitia ukungu, nakuta kwa ndani pamepanguswa mahali, duara la ukubwa wa kiganja, kama mtu alikuwa anachungulia nje kuona nani anakuja.

Nilipomwonyesha Zakaria, alicheka. "Dada, hilo gari la mtumba. Lina tabia za mwenyewe."

Siku yenyewe tulikuwa Themi, kwenye jengo la Mzee Kirpal, ambaye familia yake imefanya biashara mjini hapa tangu enzi za babu yake. Zakaria alikuwa juu ya ngazi, upande wa barabara. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza cha ghorofani, nimeipa barabara mgongo, nakausha kioo kikubwa. Kioo kikishakauka vizuri kinakuwa kama cha kujitazamia. Nikaona mle nyaya za umeme, jengo la ng'ambo, na gari letu chini. Na kwenye usukani nikamwona yule mtu wa sweta ya kijani.

Nikageuka. Gari halina mtu. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu, nilizigusa. Nikarudisha macho kwenye kioo, nikamkuta yupo. Safari hii alikuwa ameinua uso, ananitazama, na niamini, ule haukuwa uso wa roho inayoomba kuombewa. Ulikuwa uso wa mtu mwenye chuki. Akapeleka mkono kwenye gia.

Nikapiga kelele, "Zaka, ruka, ruka sasa hivi!"

Namshukuru Mungu kwamba Zakaria ni mtu anayenisikia. Hakuuliza kwa nini. Gari lilirudi nyuma kwa nguvu, bila mlio wa injini, likaikunja ngazi ukutani kama bua la mahindi. Yeye alikuwa hewani tayari, lakini alitua vibaya na nyonga ikavunjika. Ningechelewa kidogo tu, leo ningekuwa nakusimulia habari za msiba.

Mzee Kirpal alitoka dukani kwake anafoka. "Dereva wako yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Sina dereva."

"Usinidanganye, mama. Nimemwona kwa macho yangu, amevaa kofia ya sufu. Amekimbilia wapi?"

Nilitoa funguo nikamwonyesha. Nikamfungulia mlango, aone breki ya mkono ilivyovutwa mpaka juu. Akatazama breki, akatazama funguo, akarudi hatua moja. Kisha akaniambia niondoe gari langu na nisikanyage tena kwenye jengo lake. Mpaka leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

Fundi alilichunguza gari asione ubovu wowote. Nikamtafuta Anaeli. Simu haipatikani, geti lina kufuli. Jirani yake, mama mmoja muuza mkaa, alinijibu bila kuacha kupima mkaa wake.

"Mmenunua mali ya mjane," akasema. "Mke wa Ndekirwa yuko Nkoaranga, kule mlimani Meru. Shemeji yake amelichukua gari akaliuza. Nyinyi mlitegemea mema?"

Basi nikajua la kufanya, au nilidhani nimejua. Marehemu ana uchungu na mali ya mkewe. Nitampelekea mjane gari lake na hasira itaisha. Hasara yangu nitaililia baadaye. Nilitafuta wa kunisindikiza nikakosa. Kila niliyemweleza alikumbuka ana safari. Nikaondoka peke yangu, alasiri.

Mpaka Tengeru hakukuwa na neno. Nilipoacha lami na kuanza kupanda, ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kwanza nikasikia harufu ya sweta iliyoloa. Kisha kiti cha pembeni kikalia, kama kinavyolia mtu akiketi.

"Usigeuze shingo," akasema. "Tazama njia."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu wa mlimani, Kiswahili chenye lafudhi ya Kimeru. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nikaanza kusali kwa sauti.

"Sali," akasema. "Hata mimi nilikuwa mzee wa kanisa."

Nikajikaza. "Nakurudisha nyumbani kwako. Mdogo wangu amekukosea nini? Aliyeuza ni ndugu yako. Mfuate yeye."

"Yeye hathubutu kukaa kwenye gari langu. Nyinyi mmekaa. Mmeweka ndoo zenu. Yule wa kwenye ngazi ningemmaliza. Ni kelele zako."

Usukani ukaanza kunivutia kushoto, upande wa korongo. Niliukamata kwa mikono miwili mpaka mabega yakaniuma. Nikaona vichwa vya migomba chini kabisa, vinachomoza kwenye ukungu. Maneno niliyosema sijui yalitoka wapi. "Ukinitupa huku, gari litaozea korongoni na wewe humo ndani. Nyumbani hutafika."

Usukani ukalegea.

"Endesha, basi," akasema. "Mama Neema ananisubiri."

Akacheka. Kicheko kile ndicho nilichopaswa kukisikiliza vizuri, lakini mtu aliyeponea chupuchupu hasikilizi, anashukuru tu. Alinielekeza mwenyewe: kata hapa, vuka mfereji, pita shamba lile la kahawa. Nilipofika uani nikaruka nje nikaacha mlango wazi.

Yule mjane, Mama Neema, alikuwa anakata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe. Alipoona gari lile, hakuja mbele wala hakurudi nyuma. Alilishika tu panga vizuri.

"Pole, mama," nikasema. "Nimekurudishia mali yako. Shemeji yako alituuzia bila haki."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeambiwa umedhulumiwa."

"Gari hilo nilimpa Anaeli mimi mwenyewe," akasema. "Nilimwambia akalikatekate, auze chuma. Akaona tamaa. Na wewe umeniletea." Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kiti cha pembeni. "Nikichelewa sokoni, alinifungia mle nyuma. Chakula kikipoa, mle nyuma. Watu wote walimwita mtu mwema. Amefia humo, kwenye usukani, na siku tunamzika nilimwona amekaa humohumo, anatazama udongo unavyomwagwa. Nikasema sawa, maadamu hashuki, likienda mbali nami nitapona. Halafu wewe, mtu wa mjini, umemwendesha mpaka mlangoni kwangu."

Niligeuka nikalitazama gari. Wewe ungemjibu nini?

Honi ikalia. Ilikuwa ndefu, ya kuamrisha, kama mume anavyomwita mkewe aje afungue geti. Nikamwona yule mwanamke mguu wake unaanza kwenda. Unaenda wenyewe, kwa mazoea. Akauzuia. Akasimama pale, machozi yanamtoka kwa hasira.

Nikamwuliza kama ana shoka.

Alinipa. Mimi ninayekula kwa kung'arisha vioo, jioni ile nilivunja vioo vyote vya gari, kimoja baada ya kingine. Katika kila kioo marehemu alikuwamo, ameusogeza uso wake karibu na wangu, na kila nilipopiga alihamia kinachofuata. Mama Neema alikata matairi, akapasua taa, na kwa kila pigo alimwambia neno kwa Kimeru. Sikumwuliza maana yake. Kilipobaki kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, nilichungulia nikamkuta amekaa pale ambapo uso wangu ulipaswa kuwa. Nikapiga. Honi ikanyamaza.

Usidhani tulikumbatiana. Alinimiminia maji nikaosha mikono iliyokatwakatwa, kisha akasema, "Sasa uende. Na usirudi kwangu." Nikateremka kwa miguu kwenye ukungu, nimekumbatia ndoo yangu. Kesho yake, nilivyosikia, wanunuzi wa chuma chakavu walilivuta gari kwa kamba, wakamwahidi kwamba litakatwa vipande.

Zakaria alipona, lakini ngazi hapandi tena. Ameweka genge la mboga na hataki tuzungumze habari zile. Mimi kazi ninaendelea nayo, kwa sababu sina nyingine, ila sikaushi kioo bila kuwa na mtu pembeni yangu. Nikimwona mtu yeyote mle kwenye kioo, namwuliza mwenzangu, "Huyo naye unamwona?" Wafanyakazi wawili wameniacha kwa ajili ya swali hilo.

Na ningetamani niishie hapo. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye taa za barabarani, nasubiri kuvuka. Ikaja kirikuu ya boksi, imepakwa rangi ya bluu inayong'aa, nyeupe ya zamani ikichungulia ukingoni mwa mlango, vioo vipya, matairi mapya. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, anatingisha kichwa kwa muziki. Nyuma ya bega lake, kwenye giza la boksi, kulikuwa na sweta ya kijani. Yule mtu hakuwa akimtazama kijana. Alikuwa ananitazama mimi, na safari hii alikuwa anatabasamu.

Nikakimbilia gari, nikagonga kioo kwa ngumi. Kijana akanitazama, akaona mama mwenye ndoo na kanga iliyoloa.

"Leo sina hela, mama," akasema kwa upole kabisa. Taa ikaruhusu, akaondoka.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari la kazi lililotumika, usiishie kumleta fundi asikilize injini. Watafute walioishi na mwenye gari, uwaulize alikuwa mtu wa namna gani, na usiridhike na wanayosema kanisani. Na kama unaendesha kirikuu ya bluu hapa Arusha, siku mama mwenye ndoo akigonga kioo chako, usimtafutie sarafu. Zima gari. Ushuke.