Frigo ya Mama Iliyosimama Kichwa Chini

Enzi zetu pale mtaani Bungulu, mjini Beni, ukisikia mtu anasema ana frigo, ulijua moja kwa moja kwamba nyumba yake inanuka petroli, yaani mafuta ya taa. Wenzangu mliokulia Beni mnanielewa. Vijana wa leo wanadhani frigo ilizaliwa na waya mgongoni. Yetu haikuwa na waya. Ilikuwa na tangi chini, utambi, ulimi mdogo wa moto na bomba la moshi lililopanda nyuma yake, na kwa moto huohuo ilitupatia barafu. Nikimweleza binti yangu Kavira kwamba moto ulikuwa unagandisha maji, ananitazama kwa huruma, kana kwamba nimeanza kuzeeka vibaya.

Frigo ile karibu itufie mara tu tulipofika Beni. Tulikuwa tumehama kutoka Butembo, na wadogo zake Baba ndio waliopakia vyombo kwenye lori. Waliilaza frigo chali juu ya magunia ya maharagwe, wakaifunga kamba ili isianguke kwenye zile kona, wakaifunika hata blanketi. Mgonjwa gani aliwahi kusafirishwa kwa heshima hiyo? Tulipofika, Mama aliwasha utambi, tukangoja. Asubuhi tulifungua mlango, tukakuta vuguvugu kama mdomo wa mbuzi.

Watu wazima hawakucheka, na sisi watoto tulijua sababu. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano ilikaa katika frigo, ndani ya mkebe wa majarini, na chupa zile zilikuwa zimepatikana kwa shida. Butembo ni baridi, hata frigo ikilegea kidogo hewa ya mlimani inakusaidia. Beni ina joto. Dawa ikiharibika, hapakuwa na nyingine karibu, na tulikuwa tumekwisha kuona Baba anavyokuwa akiikosa. Niliogopa sana siku ile. Niliogopa hata kumwangalia usoni.

Mama alichukua chungu kikubwa, akakijaza mchanga, akaumwagia maji, akaufukia mkebe wa dawa humo ndani upate ubaridi, na kukiweka kivulini. Kisha akaizunguka frigo huku amefunga liputa, kitenge chake, vizuri kiunoni. Tulipoona lile fundo tulijua hakuna wa kumrudisha nyuma.

"Tutaipindua," akasema. "Kichwa chini."

Baba akainuka kitini. "Mama Masika, lakini utaiharibisha kabisa!"

"Isha kufa, Baba Masika. Tutaharibisha nini tena? Kule Kasugho nilionaka bamasere, bale batawa, banafanya vile na frigo ya maternité, nyumba ya kuzalia, na ikaamuka. Ile dawa ya frigo yenyewe ya kupoza ilikimbiaka mubaya mu njia, juu iliikala ya kulala. Ikisimama kichwa chini, itarudia."

Walimwaga petroli yote. Mama akatandika godoro lake mwenyewe sakafuni, na baba wadogo, wale wale wa blanketi, wakaipindua frigo juu yake. Ikasimama pale sebuleni miguu juu. Habari ilizunguka mtaa kabla ya mchana. Jirani yetu Mama Kahindo alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Eeh, Yesu! Frigo inafanya nini vile?"

"Inapumuzika," Mama akajibu bila kugeuka. Alikuwa anakwangua masizi kwenye bomba la moshi.

Hakupumzika yeye. Alikata utambi ukawa sawa. Alichemsha maji, akakamulia ndimu, akanipa kitambaa cha liputa kuukuu nipanguse kauchu, ule mpira unaoziba mlango, mkunjo kwa mkunjo. Frigo ilipogeuzwa tena na kusimama kwa miguu yake, aliweka sahani ya maji juu yake na kuchomeka vijiti chini ya mguu mmoja mpaka maji yakatulia sawasawa, kwa maana frigo ya namna hiyo ikiinama haipozi. Kisha akaiacha itulie kwanza, na baadaye ndipo akawasha moto. Alijilaza kwenye mkeka, shavu sakafuni, akiuangalia ule ulimi wa moto katika kioo kidogo cha kujitazamia.

"Masika, kuya uone. Moto iko rangi gani?"

"Bluu, mama."

"Ikikuwa jaune, rangi ya ndizi ya kuiva, iko inatoa moshi, baridi hapana kuya. Uikalake unaiangalia."

Basi nikawa mlinzi wa moto. Mchezo wetu wa nzango niliusikia tu kwa mbali, wenzangu wakipiga makofi na kuruka barabarani. Na kila aliyepita alichungulia dirishani: "Isha poza?" Mama Kahindo aliuliza akienda sokoni, akauliza akirudi. Mzee mmoja wa kanisa la Kiprotestanti, ambaye hakuwahi kuingia kwetu Wakatoliki, aliuliza naye, tena akaleta petroli katika chupa. Mimi nilikuwa nimeweka kikombe cha maji ndani, na nilikatazwa kufungua hovyo. "Mulango ya frigo haiko dirisha!" Mama alikuwa anasema. "Fungua, kamata, funga!"

Hatimaye akaniruhusu. Nilichovya kidole kikombeni, kikagonga kitu kigumu. Nikapiga kelele mpaka Baba akatoka nje amevaa kiatu kimoja. Mama alifukua mkebe mchangani, akaupangusa, akaurudisha mahali pake, halafu akakaa chini na kulia. Barafu ile tuliivunja, kila mtu barabarani akapata kipande cha kunyonya. Kuanzia hapo Jumamosi ilikuwa siku ya frigo. Moto ulizimwa, barafu ikayeyuka yenyewe, kuikwangua kwa kisu mwiko, na hakuna aliyekwenda kucheza kabla ya kupangusa. Baba aliishi, akanipeleka kanisani siku ya harusi yangu.

Leo umeme umefika. Nina frigo nyeupe isiyohitaji utambi, na vijana wangu wanaitunza kwa kuipiga teke mlango ufunge. Wanaingiza sufuria ya maharagwe ikiwa bado inatoa mvuke. Wanafungua, wanasimama mbele yake na simu mkononi, wanasoma ujumbe huku baridi yote inatoka. Hawajui kauchu ni nini. Nimewaambia Jumamosi haijafutwa katika nyumba hii, na haitafutwa nikiwa hai, maana mkebe umerudi. Sasa sindano ni yangu.

Siku hizi kila nyumba hapa ina frigo yake nyuma ya ukuta wake, na hakuna jirani anayejua kilichomo ndani ya frigo ya mwenzake. Umeme ukikatika, hakuna anayechungulia dirishani kwangu kuuliza. Hilo ndilo ninalolikosa kuliko ujana wangu. Chungu cha mchanga ninacho nyuma ya mlango wa jiko, na ninakimwagia maji mwenyewe.

Juzi umeme ulikatika asubuhi nikiwa sokoni. Nilirudi mbio, jasho linanitoka, nikafungua frigo. Mkebe haukuwepo. Kavira alikuwa amechutama jikoni kando ya chungu, viganja vimejaa mchanga, simu ameiacha mezani inalia peke yake.

"Mama, iko huku," akasema. "Umeme ikirudia, ndio tutauliza kama isha poza."