Rukia Hakuwa na Saumu

Jana alasiri tulimzika Rukia na moyo wangu umekataa katakata. Niacheni niseme, nina hasira.

Kwa msiomjua, alikuwa mwalimu wa wauguzi hapa Mombasa. Nilifundisha naye chuo kimoja mpaka akastaafu. Somo lake lilikuwa usafi wa kinywa kwa wazee wasiojiweza. Walimu wenzetu walimwita Mama Mswaki, wakacheka.

Practical yake ya kwanza, wanafunzi walisafishana meno wao kwa wao. Alisema asiyestahimili mkono wa mwenzake kinywani asiende kumtia bibi wa watu mkono wake.

Nakumbuka nyumba moja ya Kibokoni. Bibi amelala, shuka zanukia udi, chakula hataki, na wanawe hawajui kwa nini. Rukia aliwatoa wanafunzi wa kiume, akakaa kitandani, wakazungumza mambo ya harusi weee.

Ndipo akamwambia, "Mamangu, niruhusu nikutizame kanwa."

Chini ya meno ya bandia, ufizi ulikuwa donda tupu. Bibi aliona haya kuyavua mbele ya wakwe.

Kila Ramadhani ikikaribia alirudia lile lile hadi wanafunzi wakachoka: mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani hana saumu, msafisheni kinywa. Hata mwenye saumu hupiga mswaki.

Alipostaafu, practical ikaondolewa. Eti inakula muda.

Ramadhani hii Rukia akapatwa na kiharusi, akalazwa. Nilifika saa saba mchana nikakuta midomo imepasuka, ulimi umeganda utando mweupe. Nikamuuliza muuguzi, binti aliyesoma chuo chetu juzijuzi tu.

"Tumemuacha, mwalimu. Ana saumu."

Na uji unashuka kwenye mpira puani mwake! Nilitaka kupiga kelele. Nikachukua pamba na maji nikamsafisha, naye ananitizama tu, kusema hawezi.

Daktari alisema kilichomuua ni nimonia, ugonjwa wa mapafu. Sitasema zaidi ya hapo. Lakini Rukia ndiye aliyetufundisha uchafu wa kinywa hushukia wapi.

Nanyi walimu mlioinua mikono practical ifutwe, leo mwaniandikia pole hapa chini. Sizitaki. Irudisheni practical. Jumatatu nawapeleka wanafunzi wodini, na anizuie anayetaka.

Rukia, jana tulipokuosha, kinywa chako nilikipangusa mimi, polepole. Mola akurehemu. Wewe pumzika, shoga yangu. Hasira niachie mimi.