Kigoda cha Mama na Mashoka ya Kiabakari

Mtu akiniambia kuna jambo la kunishangaza mimi, namcheka, maana niliishia darasa la nne, nimebeba mbao kichwani kule mwaloni Musoma, boti zinakoshusha mizigo, nimelala juu ya mbao hizo hizo, na leo nina karakana Nyakato yenye mafundi tisa, na vitanda vyangu wanalalia mpaka wakubwa wa ofisi (siwataji). Nilijua nimeshaona yote. Kumbe kuna kitu kimoja kilikuwa mbele ya macho yangu utoto wangu wote na sikukiona, na aibu yake nikaja kuipata mbele ya wakwe, nimevaa suti.

Mambo yalianza na kigoda. Mama anakaa Butiama, kwenye mji wetu wa zamani, na marehemu baba alikuwaga mchonga vinu na vigoda. Kile alichomchongea mama walipooana kililiwa na mchwa, nikampelekea sofa seti, mama akaipokea vizuri, akaifunika na vitambaa, akaendelea kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza shida nini, akasema sofa inammeza, yeye anataka kigoda kama cha mzee, na mahari ya Wegesa (huyo ni binti yangu wa kwanza) ikija hataki kupokea wageni akiwa juu ya ndoo. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikasema mbele ya wajomba wote kwamba nitamchongea mwenyewe, siku hiyo hiyo, wageni wakitazama, kwa shoka kama la baba, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa pembeni yake akichonga na hakuna mwingine anayeukumbuka mkono wake kama mimi.

La baba mwenyewe lilikuwa limebaki chuma tu, kimeisha, mpini ulishaoza zamani. Lile si kama haya ya dukani yenye tundu la kupitishia mpini. Lile lina mkia, na mkia ndio unaochomekwa kwenye kichwa cha mpini, kadiri unavyopiga ndivyo linavyojikaza. Sauti yake ninayo masikioni mpaka leo, ko, ko, ko, halafu kimya, baba anapuliza vumbi. Mimi nilikuwaga nakaa kulia kwake. Nikihamia upande mwingine ananirudisha, "Kaa hapa, mwanangu," na nikajua hicho ndicho kiti cha mrithi.

Basi nikakichukua kile chuma mpaka Kiabakari kwa Mzee Magesa, mhunzi anayefua springi za malori, nikamwambia anifulie mawili kama hilo hilo, moja la kazi, moja la kutundika karakanani wateja walione. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye makali, akalichomeka kwenye mpini wa hapo kwake, akanionyesha kigogo.

"Shika hili la zamani upige pale mara mbili tatu, nikuone."

Sasa pale kulikuwa na akina mama wamekuja kununua majembe, na mimi nina viatu vyeupe. Nikamwambia, mzee, mimi nina mafundi tisa, sijaja kufanya mtihani, wewe toa kopi. Akasema yeye hafui shoka la mtu ambaye hajamuona anavyopiga, toka baba yake hawafanyagi hivyo. Nikaongeza elfu kumi. Akaitazama ile noti, akatazama viatu.

"Haya, mura, kijana wangu. Nitafua la mwenye hiki chuma. Wewe si ndivyo unavyotaka."

"Ndivyo hivyo," nikasema, tena kwa kiburi.

Nilipoyafuata yalikuwa mazuri mpaka nikayapakata garini njia nzima. Upande mmoja bapa kabisa, upande wa pili mteremko, kama la baba pacha wake. (Kigoda chenyewe fundi wangu alishakichonga kwa mashine, nisiwafiche. Kilibaki kulainishwa ubavu na miguu yake minne tu, ili nionekane.)

Siku ikafika. Wakwe wakaja toka Bunda na Noah ya kukodi, wakaketi, mama juu ya ndoo yake, nikasimama katikati nikatoa hotuba juu ya mkono wa baba na shoka nililofuliwa Kiabakari. Nikapiga. Shoka likateleza nje kama limepakwa sabuni. Nikacheka kidogo, nikapiga tena, likateleza tena, karibu linichukue goti. Wajomba wakaanza kutazama chini. Mshenga wa wakwe akasema taratibu, "Labda ule mti haujaambiwa kama leo kuna sherehe," watu wakacheka, na mimi nikichekwa huwa naongeza nguvu. Nikalilaza shoka kwa ndani, nikapiga kwa mwili wote, likaingia, mguu mmoja wa kigoda ukapasuka, ukaruka juu ya vitambaa vya vichwani vya akina mama, ukaenda moja kwa moja kwenye kioo cha mbele cha Noah, dereva akiwa amelala ndani.

Mama akaomba aletewe shoka. Akalipapasa upande bapa, akapapasa mteremko.

"Umelishika mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

"Baba yako alikuwa mashoto."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi na khanga, na sijui yale machozi yote yalikuwa ya kucheka. Akawaeleza wakwe kwamba lile shoka limenolewa kwa mtu wa kushoto, mtu wa kulia akilipiga litamkimbia tu. Kumbe baba alikuwa ananikalisha kulia kwa sababu shoka lilikuwa linapita kushoto. Hakikuwa kiti cha mrithi, alikuwa ananilinda nisikatwe, na mimi niliyejidai naukumbuka mkono wake sikuwahi kujua ni upi.

"Kileteni hicho hicho," mama akasema. "Nitakaa."

Kigoda cha miguu mitatu upande mmoja hakina kitu, kinapinduka. Kwa hiyo mimi, baba wa binti, badala ya kukaa na wazee nipange mahari, nilichuchumaa na suti yangu, nikashikilia ile pembe isiyo na mguu mpaka ng'ombe wa mwisho alipokubaliwa. Mama alikuwa ameniwekea mkono begani. Mkwe aliniuliza kama na huo mguu nao niliufua Kiabakari.

Nimeapa sitaagiza tena chombo cha kazi bila fundi kuuona mkono wangu. Mzee Magesa alitaka kunifulia la kulia, nikakataa. Asubuhi kabla mafundi hawajafika najaribu kwa kushoto, bado napiga vibaya, kidole nimeshakikata, ila ile ko, ko imeanza kufanana. Na yote hayo, mashoka mawili na ile elfu kumi ya kiburi, kioo cha Noah, kufua suti, na plasta ya kidole, yalinigharimu shilingi laki nne, elfu hamsini na tano na mia tano.