Askari wa Fizi Yangu

Harufu ya karafuu bado hunirudisha kwenye chumba chetu cha Mansoura, hapa hapa Doha, nikiwa na miaka minane. Nilikuwa nikiiba karafuu kwenye mkebe wa mama wa viungo vya pilau na kuibana kwenye jino bovu. Fizi ilikuwa imevimba, inapwita mpaka sikioni. Lakini mama asijue! Ijumaa nilikuwa niongoze kaswida mbele ya Wazanzibari wote wa mtaani, naye angenikokota kung'olewa jino siku hiyo hiyo.

Nilimwambia baba peke yake. Alikuwa askari wa lango kwenye jengo moja la mtaa wa Najma, na kwangu hapakuwa na mtu mwaminifu kumshinda.

"Apa kwanza humwambii mama."

"Wallahi simwambii mamako," akasema, mkono kifuani.

Kesho yake akanichukua eti tukanywe karak. Chai yenyewe sikuiona. Nilikiona kiti cha daktari wa meno.

"Baba, uliapa!"

"Niliapa simwambii mamako. Huyu ni mamako?"

Daktari alieleza kwa Kiarabu, baba akatafsiri. Kwenye damu mna chembe nyeupe. Fizi ikivamiwa na vijidudu hupiga mbiu, na kuta za mishipa midogo hunata. Chembe zinazopita hubingirika, hunasa, kisha hujipenyeza ukutani mpaka ndani ya fizi, zikapigane. Usaha ni maiti zao. Baba hakujua aziiteje kwa Kiswahili, akasema "askari". Nikaitazama sare yake nikazidi kulia. Nilidhani wenzake wamekufa kinywani mwangu.

Jino likatoka. Kaswida akaiongoza mwenzangu Mwanaidi, tena kwa kukosea. Mwezi mzima sikumpa baba mkono. Alinidanganya kwa kiapo cha kweli, na hilo liliniuma kuliko koleo. Hata leo halijaisha lote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo niliusikia tangu mdogo, lakini ukubwani ndipo nilipouelewa. Askari wa damu hawafiki kwenye fizi mpaka ukuta uwashike na kuwapisha. Baba naye angekuwa ukuta wa kunitunzia siri tu, ningeoza taya.

Jana mwanangu alinijia jikoni, shavu limemvimba, ananuka karafuu.

"Mama, apa humwambii baba."

"Wallahi simwambii babako," nikamwambia, huku nachukua funguo za gari. "Vaa viatu, tukanywe karak."