Nilivyogongesha gari la mzee kwenye laptop kabla ya safari ya Kakamega

Wakuu, niaje. Hii ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Mwenye shaka aje Umoja aone gari.

Mimi ni dem wa engineering, mwaka wa mwisho. Project yangu ni bampa. Unachora gari kwenye kompyuta, unaligongesha ukutani, halafu unaangalia chuma kinavyojikunja na nguvu ya mgongano inaelekea wapi.

Hakuna gari linaloumia. Ni laptop tu inayochemka hadi huwezi kuipakata.

Sasa, mzee wangu alistaafu kazi ya reli, na juzi juzi akanunua gari lake la kwanza. Kitu cha kwanza? Akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea karibu na Mukuru kwa Njenga. Bampa ya kiwandani ikatolewa, likawekwa bomba nene la chuma, limechomelewa moja kwa moja kwenye chassis, ule uti wa gari.

"Ile ilikuwa plastiki, mama," akaniambia. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Hii hata lori likitugusa, lori ndilo litalia."

Nikamwomba nilipime gari lake niliweke kwenye project. Wueh, alivyofurahi! Alishika upande mmoja wa tepu huku akiita majirani: "University inasoma bampa yangu!"

Jumamosi yeye na mathe walikuwa waende harusi Kakamega, so nikaharakisha. Ijumaa laptop ilipiga hesabu tangu asubuhi, mathe akiipepea na kifuniko cha sufuria akidhani italipuka.

Mchana nikawaita. Gari, ukuta, puu!

Bomba halikupinda hata kidogo. Mzee akaruka kutoka kwa kochi. "Mmeona chuma?"

"Baba, angalia huku nyuma."

Ile rangi nyekundu, inayoonyesha mahali nguvu imelemea, ilikuwa imepita bomba, ikafuata chassis hadi miguuni pa dereva.

Nikawawekea ile ya kiwandani, spidi ileile. Nyuma ya plastiki kuna chuma chepesi na visanduku viwili. Vikajikunja kama karatasi, na pale watu wanapokaa pakabaki blue, nguvu haikufika.

"Bomba lako limekataa kupinda, kwa hivyo kishindo chote kimewafikia nyinyi."

Mzee akainamia laptop. Nimemharibia furaha yake, tena mbele ya mathe.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaweka kidole kwenye kiti cha abiria.

"Hapa ndipo mama yako anakaa?"

"Ndio, baba."

Akachukua funguo akatoka, ugali ukiwa mezani. Jioni akarudi, bomba limetolewa na bampa ya kiwandani iko mahali pake. Kumbe fundi alikuwa hajaiuza.

Jumamosi usiku mathe alinipigia simu kutoka harusini akicheka. Mzee alikuwa amekusanya wanaume karibu na tenti, anawafundisha bampa inavyofaa kujikunja.

"Na asubuhi," akaniambia kwa sauti ya chini, "amenifunga mshipi wa gari kwa mikono yake. Tangu anioe hajawahi."

Wakuu, nilichojifunza: gari likigongwa likabonyea, usikimbilie kusema ni mabati. Labda limekufa ili wewe usife. Model yangu ni ya mwanafunzi tu, lakini mwelekeo ni huo.

Wenye mabomba mbele, jiteteeni hapa chini, ila mkuje na vipimo.