Machungwa Kumi na Mawili kwa Siku

Ninamshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, akaniachia na akili ya kukumbuka, hata yale ambayo ningependa kuyasahau. Jina lake lisifiwe. Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Juma lililopita sisi wazee tulikuwa tumeketi kwenye mabenchi uwanjani pa kanisa letu hapa Tawa, tukingoja kupimwa sukari. Mama mmoja kando yangu alitoa chungwa kwenye kiondo, akaanza kulimenya kwa kucha. Harufu ya lile ganda ilinipanda puani kabla sijageuka kumtazama.

"Wewe unaenda kupimwa sukari na unakula chungwa?" jirani yake akamuuliza.

"Hili ni tunda. Sukari ya matunda imewekwa na Mungu, haina shida na mtu."

Benchi zima likaanza kubishana. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilikuwa nimerudi Kalamba, nina miaka tisa, vidole vinanata maji ya machungwa.

Wakati ule niliishi kwa nyanya yangu, mama wa baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita Susu. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa nyumba ya wazazi wangu, nami nililala kwake ili nimsaidie kuteka maji na kuwasha moto. Alikuwa mwanamke wa maombi. Watu walipogombania mpaka wa shamba, walimwita Susu aseme alichokiona, na akishasema, maneno yaliisha. Sifa hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo.

Mwaka huo alipatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari wa zahanati alimweleza baba, naye baba akatuletea maneno nyumbani yakiwa yamepunguzwa na safari: "Mama asiguse sukari. Akitaka kitu kitamu, ale machungwa." Jioni hiyo Susu alimkabidhi mama yangu mkebe wake wa sukari bila kunung'unika. Kuanzia siku hiyo alikunywa chai kavu, bila sukari, akikunja uso kila anapomeza.

Machungwa hayakuwa tatizo. Miti mitatu ya baba ilikuwa imezaa sana, yale machungwa yetu ya ganda la kijani ambayo mgeni hudhani hayajaiva. Tatizo lilikuwa meno. Susu alibaki na manne, na hayakuwa yanakutana. Alitafuna kipande kimoja hadi nikachoka kumtazama. Basi siku moja niliyakata machungwa manne, nikayakamua kwenye kitambaa safi, nikajaza kikombe chake kikubwa cha bati. Makapi nikawarushia mbuzi.

Susu alikunywa chote bila kupumzika. Akafuta midomo, akacheka. "Hii mikono imebarikiwa," akaniambia.

Ni mtoto gani ataacha kufanya jambo baada ya kuambiwa hivyo? Kesho yake nilikamua tena. Baada ya siku chache ikawa kikombe cha asubuhi, cha mchana na cha jioni.

Kisha kiu ikaingia nyumbani mwetu. Maji tuliyachota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, mwendo mrefu, nami niliyabeba mgongoni, kamba ikiniuma kichwani. Debe lililotutosha siku mbili sasa liliisha kabla ya chakula cha mchana. Susu hakutulia tena. Alikaa, akainuka, akatoka nje, akarudi, akaomba maji. Alilalamika kwamba nyayo zinawaka moto. Wakati wa maombi ya familia alitoka mara tatu kabla baba hajasema amina, na kanisani akahamia benchi la nyuma karibu na mlango.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda mambo ya kufichwa. Alimngoja Susu uani.

"Mama, nani anakupatia sukari?"

"Hakuna."

"Ni mke wa mwenye duka? Sema tu. Sitagombana na mtu."

"Mwanangu, sijaonja hata chembe."

"Mama, unadanganya ukiwa na umri huo?"

Susu aliingia ndani, akalala akiwa ameelekea ukutani. Kikombe changu cha jioni kilikaa hapo hadi nzi wakakizingira. Hatimaye alikinywa, nafikiri kwa sababu niliendelea kusimama hapo nikimngojea.

Kulipokucha niliona sisimizi. Susu hakuwa akiwahi kufika chooni, hivyo alijisaidia nyuma ya ghala, na hapo sisimizi walikuwa wamepanga mstari mweusi, wengine wanakuja, wengine wanaenda. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisema kwamba sisimizi hufuata mkojo wa mtu mwenye sukari nyingi. Nikajua baba akiwaona, Susu atakuwa mwongo kabisa. Nilikimbia jikoni, nikachota majivu, nikawafunika wote.

Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili. Nilikuwa naamka na wasiwasi, nachungulia njia, namwaga majivu, nafagia nyayo zangu. Na baada ya hapo nilikwenda kukamua machungwa.

Siku Susu aliposhindwa kusimama, baba alimpeleka hospitali ya misheni, nami nikafuatana nao kubeba mfuko. Muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, alitia mkojo kwenye kichupa chenye dawa ya rangi ya samawati, akakipasha juu ya taa. Ile rangi iligeuka kijani, kisha njano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali, dalili ya sukari nyingi.

"Nyanya, unakula nini?"

"Ugali kidogo, mboga, chai kavu. Na machungwa."

"Mangapi?"

Susu alinitazama. Yeye hakuwahi kuyahesabu, aliviona vikombe tu.

"Kumi na mawili," nikasema. "Kwa siku. Namkamulia."

"Kaa hapa sasa, ule machungwa kumi na mawili nikikuona."

"Siwezi. Nitashiba."

"Hata yeye angeshiba! Angekula moja, pengine mawili, tumbo likakataa. Wewe umempa utamu wote, na yale ya kushibisha ulipeleka wapi?"

"Niliwapa mbuzi."

"Basi mbuzi wenu wana afya nzuri." Alimgeukia baba. "Chungwa si adui. Ale moja, lenyewe, alitafune. Asinywe shamba zima kwa kikombe."

Baba alivua kofia yake. "Mama, nilikuita mwongo."

"Uliniita. Tena huyu mtoto akisikia." Susu alivuta pumzi. "Nimekusamehe. Sasa nisaidie kuvua hiki kiatu, mguu unauma."

Ndani ya kiatu kulikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Walimkata kidole kidogo. Baadaye aliwachekesha wageni kwa kusema kwamba kidole hicho kilikuwa kinambana tu. Aliishi miaka mingine mingi, nami nilimkatia chungwa vipande vyembamba kama ukucha, nikakaa naye hadi amalize.

Lakini habari ya majivu sikumwambia, wala sikumwambia baba. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nilikuwa nalinda jina la Susu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba jina lake halikuhitaji ulinzi wangu, kwa maana alikuwa anasema kweli. Baba naye aliona vizuri kwamba sukari ilikuwa ikiingia. Wale sisimizi wangewafanya wazazi wangu wanisumbue kwa maswali wiki mbili mapema, na mtu angeuliza ni nini kilichomo kikombeni. Mimi nilizika swali lenyewe. Nimeomba msamaha kwa hilo mara nyingi, naamini nimesamehewa, na bado kuna asubuhi ambazo siwezi kukaa kitini.

Wewe unayesoma, Mungu akupe ujasiri wa kuonyesha unachokiogopa kungali mapema. Awahifadhi wazee wa nyumba yako, na mikono inayowalisha aijalie upendo na maarifa pamoja. Amina.