Matundu ya Kupoozea

Juzi, katika makumbusho, niliiona tena ile bunduki fupi: magazini ya risasi imetokeza ubavuni, mtutu umezungukwa na matundu. Maelezo yalisema ilianza kutumika jeshini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na matundu ni ya kupoozea mtutu.

Mara ya kwanza nilikuwa mtoto: mchana mmoja, kwetu Shishiyu, walikuja wanaume watatu. Zizi lilinuka mavi mabichi. Nilidhani kile chuma alichoshika mmoja wao ni bomba la kunyunyizia dawa ya kupe.

"Fungua, mwanangu, tuwaogeshe ng'ombe," aliniambia.

Nikafungua.

"Kabula, funga!" Baba alikuja mbio na fimbo.

Bunduki ilikohoa mfululizo. Baba akaanguka langoni, ng'ombe wakatoka wakimkanyaga. Nilibaki nimeshika mti wa lango, nikisubiri harufu ya dawa. Ikaja ya chuma cha moto.